Nyota Niliyomchorea Mwende

Alhamisi. Joto la kuchosha. Mawingu yamepita juu ya Matiliku na kwenda zao bila kutunyeshea.

Naogopa. Wacha niseme hivyo kwanza.

Mimi hufundisha darasa la kwanza, na mshahara wangu hutoka kwa wazazi. Mtoto akipata hesabu zote namchorea nyota ya ncha tano kwa kalamu nyekundu, bila kuinua mkono, kisha naizungushia duara. Hata mimi nilichorewa hivyo nikiwa mdogo.

Jumapili mhubiri mgeni alitundika sokoni picha ya nyota hiyo hiyo, na duara lake. Ncha moja ikiwa juu, alisema, ni mtu: kichwa, mikono, miguu. Ikigeuzwa, zile mbili za juu ni pembe za mbuzi, na duara ni mlango wa kuita pepo. Nilicheka kimoyomoyo.

Jumatatu nikamchorea Mwende, amesimama mbele ya meza yangu. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye huiona kutoka upande ule mwingine.

Kwake ilikuwa na pembe.

Nimesoma kwenye simu. Kuna Wakristo wa kale waliosema ncha hizo ni majeraha matano ya Yesu. Wengine waliichora mlangoni kufukuza pepo, na wachawi wakaitumia kuwaita. Nilitaka jibu moja tu, jamani.

Jana mama yake Mwende alinisubiri langoni. "Mwalimu, hiyo kitu unachorea watoto ni ya nini? Ijumaa kwa mkutano utatuambia." Wakinikataa, nitafunganya virago.

Lakini leo ndiyo imenimaliza. Mwende, ambaye hajawahi kukosa hesabu, ameandika mbili na tatu ni tisa. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimekosa makusudi, mwalimu. Ndio usinichoree."

Nikafungua madaftari mengine. Watoto kumi na mmoja wamekosa hesabu moja tu, ile ile ya mwisho. Walikuwa wamekubaliana, watoto wa miaka sita.

Kesho saa nne nitawawekea wazazi madaftari hayo mezani wajionee. Wakiuliza nyota ni ya nini, nitasema ni ya mtoto aliyepata zote, basi. Nimeyarudia maneno hayo mpaka mdomo umekauka.

Na wakiniuliza kama mimi mwenyewe siiogopi?

Leo kuna mtoto mmoja, Mutua, aliyethubutu kupata zote. Alisimama mbele yangu akingoja. Nilishika kalamu nyekundu, nikamwekea tiki tu.