Kisu Kinachomjua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu hili: ninakusanya visu vya kukunja. Vya zamani. Msichana mwenye miwani na vitabu kwapani, halafu visu! Viko kwenye kopo la biskuti, chini ya nyuzi za mama. Nilidhani hakuna ajuaye.

Leo kaka kanipa kimoja. "Shika, dogo. Kiweke na wenzake."

Kumbe anajua.

Mkono wake wa kulia una bandeji. Kakatwa na bati, anasema. Mama kamwambia limbukeni wa ufundi huanza kwa kujikata mwenyewe.

Mpini wa pembe. Mhuri wa kiwanda kwenye shina la bapa, karibu na mpini, umelika, imebaki nusu ya nyota. Pini moja si ya kiwandani — ni waya wa shaba uliopondwa kwa nyundo.

Nakijua kisu hiki. Ni cha babu mlinzi wa karakana ya useremala, jirani na shule. Mwaka jana aliniruhusu nikichore. Springi imelegea, kinajifunga chenyewe. Akanionyesha namna ya kukibana kwa kidole gumba ubavuni. "Kina wivu, mjukuu wangu. Kinamjua mwenyewe tu."

Labda alikiuza. Labda.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe karakana ilivunjwa na wezi Jumamosi usiku. Mashine zimebebwa. Babu kapigwa kichwani, yuko hospitali, hasemi. Wenzangu darasani wanacheka eti alikuwa anakoroma.



Jumatano, 5 Machi
Nilimuuliza kaka alikokipata.

"Kwa wauza vyuma chakavu. Kwani umeajiriwa upelelezi?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema nisimwonyeshe mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kaniagiza nimbadilishie kaka bandeji. Nikafungua.

Vidole vinne. Upande wa ndani. Mstari mmoja ulionyooka, kama uliopigiwa rula.

Bati halikati hivyo. Kisu kilicholegea springi ndicho hukata hivyo, kikimfungia aliyekisukuma mbele bila kujua pa kukibana. Mimi mwenyewe nina kovu dogo kama hilo kwenye kidole kimoja.

"Mbona umeacha kufunga?"

"Siwezi kuona damu."

Alinitazama usoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, kabla sijaanza shule.

Ijumaa, 7 Machi
Babu amefumbua macho. Hakumbuki sura za waliompiga. Bosi wa karakana anasema anajifanya, kwamba aliwafungulia wezi mlango. Polisi watakwenda wodini kesho saa nane. Mpishi wa shule, jirani wa babu, anasema mzee analia tu, anaapa kwamba alipambana nao kwa kisu chake. Hakuna anayemwamini. Kisu kiko wapi?

Kiko chini ya nyuzi za mama.

Mama leo kaimba akipiga pasi shati la kaka. Jumatatu ana usaili wa kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Nilingoja mama aende sokoni. Nikafungua kopo, nikakikunjua kisu. Kaka akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi nacho?"

Niliitazama bandeji yake.

"Dogo. Nilikuwa nimeshika taa tu. Mzee alinijia. Nikamnyang'anya." Akashika fremu ya mlango. "Mama je?"

Nilikibana kisu ubavuni kwa gumba, kama nilivyofundishwa, nikakikunja polepole. Nikakitia mfuko wa sketi. Nikapita chini ya mkono wake. Hakunizuia.

Sasa niko kwenye benchi nje ya wodi. Saa nane kasoro. Askari wawili wamekaa mwisho wa korido, wanakunywa soda.

Na kaka amekuja. Amekaa kando yangu. Bandeji ameivua, vidole vinne viko wazi juu ya goti.