Mashine ya Kushoto

7 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, goti limetulia, na mwanangu hakusumbui sana. Mimi mzima. Simu nimeizima, maana siku hizi wanakuachisha kazi kwa meseji. Basi tuandikiane hivi hivi kizamani.

Tangu ugonjwa huu uingie, nguo za kiwandani hazina wanunuzi. Nusu ya wanawake wameachishwa, na mashine zao zimefunikwa mashuka meupe. Ya Kasuku nayo imefunikwa. Si unamkumbuka, yule jirani yangu anayeongea kutwa mpaka msimamizi anaziba masikio? Miaka yote mimi naunga mikono ya shati, nalisukuma kushoto bila kutazama, yeye analipokea anafunga ubavu. Sasa nalisukuma, linaanguka sakafuni. Msimamizi ameshaniona. Nikiendelea hivi na mimi nitafunikwa, na nyie mtakula nini?

Mwanao.

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mwanao ana afya na mdomo. Jana kaniambia barakoa inanipendeza kwa kuwa inaficha pengo. Huyu umemzaa na nani?

Hiyo "mimi mzima" yako siiamini hata kidogo. Baba yako naye alikuwa mzima mpaka tulipombeba. Huyo Kasuku si anakaa karibu? Nenda kamwone, moyo utulie.

Mama yako.

28 Juni

Shikamoo mama,

Nisalimie huyo mwenye mdomo. Kwa Kasuku sijaenda. Naogopa kupiga hodi nisiitikiwe. Watu wanakufa, mama, wanazikwa bila sisi.

Nikuambie jambo, ila usilisome mbele ya mtoto. Alhamisi nilisukuma shati na sikulisikia likianguka. Nikamsikia Kasuku anacheka chini ya shuka. Nikamjibu. Tukapiga soga mpaka kengele ya kutoka. Nilipoinua macho, wenzangu wote walikuwa wameacha kushona, wananitazama.

Msimamizi anataka nikaonane na daktari. Nikisema ninayoyasikia, mashine yangu itafunikwa siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, naona kabisa akili inaniponyoka. Naogopa, mama.

Mwanao.

3 Julai

Mwanangu wee,

Sisi hatujambo, ingawa yangu ni hatujambo ya mdomoni tu. Kazi na ipotee! Tutakula tutakachopata.

Ulipozaliwa, nilisikia watu wakisemezana ukutani, wananiambia nikuache niondoke. Bibi yako hakuniita mwendawazimu. Alinishika mkono tukaenda kliniki, nikatibiwa, nikapona. Sikuwahi kukuambia kwa aibu, na aibu yenyewe haikunisaidia kitu. Washa simu nisikie sauti yako.

Mama yako.

10 Julai

Mwanangu,

Simu yako bado imezimwa. Mtoto anauliza, nami nimeishiwa uongo. Andika hata neno moja.

Mama.

21 Julai

Mama,

Shikamoo. Hunijui kwa sura, ila nasikia unanijua kwa kelele. Mimi ndiye Kasuku. Mwanao yu hai, niko naye hapa.

Alikuja kwangu Jumapili, barua yako mkononi. Alipiga hodi, sikuitika. Tangu ile meseji ya kazi nilikuwa sijafungua mdomo, hata kwa jirani. Akausukuma mlango, akanikuta nimekaa juu ya ndoo, mkono wa kulia nimeunyoosha hewani. Nilikuwa nangoja mashati, mama. Kila siku nilikuwa nayangoja, na hayaji. Akakaa upande huo akalia. Na mimi nikalia, ndipo sauti ikatoka.

Mashine yake nayo wameshaifunika. Tuko kliniki, tunasubiri kuitwa, sote wawili. Daktari akituruhusu tunakuja kwako, utuvumilie. Katikati ya benchi wamechora alama ya kuachiana nafasi, nami nimeikalia. Yeye amesinzia, lakini mkono wake bado unasukuma kushoto. Kila ukija, naupokea.

Mwanao wa pili, ukinikubali.