Jivu Lenye Joto

Makokha mjukuu wangu, hapa Shianda hatujambo, na nyanya yako anakusalimu. Umeuliza kwa ukali ni nani anafungua chumba chako ukiwa Mombasa.

Miaka ya tisini nilitoka kazini Nairobi kuja Krismasi, nikakuta jivu lenye joto ndani ya kibanda changu cha nyasi. Nikamshuku ndugu yangu. Sikumuuliza. Nilinusa blanketi, nikakagua kufuli, nikala naye ingokho, kuku wa sikukuu, bila kumwangalia usoni.

Siku ya tatu niliaga kwamba naenda sokoni, kisha nikarudi kwa kunyemelea. Aliyeingia na kuni alikuwa mama.

“Bila moshi, mchwa watamaliza hii nyasi,” akaniambia. “Tangu uende, nawashanga moto humu kila siku.”

Chumba chako nafungua mimi.

Kuka wako