Changarawe za Bluu

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Shemeji naye mpe yake, na ya tatu iweke akiba, maana ukifika chini ya karatasi hii sijui kama utataka kuniitikia. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mtoto wako wa mwisho, bado anauma wenzake huko shuleni au meno yamepata adabu? Mimi huku ni mzima. Nimekonda kila mahali isipokuwa mdomo.

Najua unashangaa mtu mwenye simu mbili kuandika barua kama karani. Simu nimeishika mara nne, dada. Nikisikia sauti yako naanza utani, unacheka, nacheka, nakata. Karatasi haicheki, ndiyo maana nimeikimbilia. Mwandiko nisamehe, darasa la tano ndipo tulipoachana mimi na kalamu.

Mengi hapa unayajua, lakini acha nianze mwanzo. Nikianzia katikati nitaruka pale pale ninapopaogopa.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye samaki. Nilikuwa nauza miavuli, mvua ikanisusia. Nikahamia vioo vya simu, watu wote wakaanza kushika simu zao kama mayai. Ndipo nikapata lile tangi la kioo kwenye saluni iliyofungwa, nikaliweka sebuleni kwa Baba, nikatia gapi kumi na wawili, wale samaki wadogo wenye mikia kama vitambaa vya harusi. Mpango ulikuwa wazaane, niwauze kwenye vikopo. Baba alinitazama akaniuliza kama nimeshindwa kuuza vitu vilivyokufa ndiyo sasa nahamia kwa vilivyo hai.

Baada ya siku mbili tangi lilikuwa lake. Tangu Mama afariki hakukuwa na kitu kinachomsubiri Baba asubuhi. Sasa ilikuwepo midomo kumi na miwili imebandikwa kwenye kioo. Na unamjua, fundi mwashi wa miaka arobaini haweki jiwe ovyo. Changarawe nilizomwaga mimi alisema ni taka za ujenzi, zina ncha, zitawachana samaki matumbo. Akaenda mtoni kuokota zake, nyeusi nyeusi, akazipitisha kwenye chekeche. Kubwa akatupa, maana chakula kinazama katikati yake kinaoza. Ndogo kama mchanga akatupa, maana mizizi haipati pumzi. Akabakiza za ukubwa wa punje ya mahindi. Halafu akaanza kuzidondoshea siki! Jiwe likitoa povu lina chokaa. Akasema chokaa anaijua, imemla vidole maisha yake yote, ila gapi wanaipenda kidogo, kwa hiyo akaruhusu kiganja kimoja kama anayetia chumvi kwenye sufuria. Kisha akaziosha kwa maji matupu, ndoo baada ya ndoo, mpaka sarafu aliyoiweka ndani ya ndoo, chini kabisa, ikasomeka tarakimu. Nikamwambia mzee, hata mimi hukuniogesha hivyo. Akasema ndiyo maana.

Mimea yangu ya plastiki aliing'oa siku hiyo hiyo, akanirudishia mkononi kama barua ya kufukuzwa kazi. Akanieleza kwamba gapi jike anazaa watoto wanaoogelea tayari, na saa hiyo hiyo anawageukia kuwala. Anayepona ni yule aliyepata majani ya kujifichia. Akataka nyasi laini za kuelea juu, kwa ajili ya vichanga, na majani marefu kama utepe kwa nyuma, ya kuwapa kivuli wakubwa.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kusahau, sikatai. Chumvi kwenye chai, bomba kuachwa wazi, na ile siku aliyokwenda dukani na ndara za Mama. Ukasema hawezi kuishi peke yake, nikabisha, tukagombana. Mwisho ukasema haya, kama samaki hao watakuwa hai siku utakayokuja likizo, utaacha habari ya kumhamisha. Nikamfikishia. Alicheka, akasema uzeeni amerudishwa shule na mtihani wenyewe una mikia. Lakini alibandika karatasi ukutani, kila akiwalisha anatia alama. Miezi mitatu, dada. Hakuruka hata siku moja. Kumi na wawili wakawa arobaini na kitu, tukashindwa kuwahesabu kwa sababu hawatulii.

Sasa ndiyo nafika.

Siku moja kabla hujaja, niliona tangi limepooza. Mawe meusi, majani, maji. Nikasema dada atadhani ni mtaro. Muuza samaki alikuwa na changarawe za bluu, zinang'aa kama pipi, nikabeba mfuko. Baba hakuwepo asubuhi hiyo. Alikwenda bustani ya mji, kwa mtunza bustani aliyemwahidi ile mimea ya utepe. Alivuka mji mzima peke yake, akampata mtu wake, akarudi na mimea imeviringishwa kwenye gazeti alilolilowesha ili isikauke njiani. Hakupotea, hakuuliza njia. Hilo hakuna aliyelitia alama ukutani.

Alikuta mawe yake yako nje kwenye ndoo na ya bluu yameshaingia. Akaguna, akasema panafanana na choo cha hoteli. Kisha akasema kama ni kwa ajili ya kumfurahisha binti yake, basi. Akakunja mikono ya shati akaipanda mimea mwenyewe, shina moja moja, akifukia mizizi kwa vidole. Alipotoa mikono ilikuwa ya bluu mpaka kwenye vifundo.

Kesho yake ulifika saa nne, samaki wote wakiwa juu, matumbo yameangalia dari. Uliinama ukanusa maji, ukasema ni sabuni. Ukaukuta mfuko wa sabuni ya unga chini ya kigoda. Ukauliza nani katia sabuni humu. Baba akatazama vidole vyake. Akasema hakumbuki. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu kama ni yeye.

Wote mkanitazama. Mimi nikasema, mzee kawaogesha bwana, si alijua mgeni anakuja!

Mlicheka. Shemeji alicheka mpaka akajifuta macho. Baba naye alicheka, amechelewa kidogo, kama mtu anayecheka kwa lugha asiyoijua. Ule utani ndio uliompakia nguo kwenye mifuko miwili. Jumapili mkaondoka naye. Sasa nyumba ina wapangaji, na tangi wanawekea viatu.

Wiki iliyopita nilipita kwako. Hukuniona, ulikuwa kazini, na mlango wa chumba cha Baba ulikuwa umefungwa kwa nje. Sikulaumu, una kazi na una hofu. Tuliongea dirishani. Alikuwa amekaa kitandani amekalia mikono yake. Nilidhani ni baridi. Akaniambia hapana, siku hizi hagusi vitu, hata kikombe anasubiri apewe, kwa sababu mikono yake imekuwa mibaya na hajui inafanya nini akigeuka pembeni. Mikono ile, dada, iliyojenga nusu ya nyumba za mtaa wetu. Akaniuliza kama kuna vichanga vyovyote vilivyopona. Nikamwambia vipo viwili, vilijificha kwenye nyasi. Akafurahi, akasema basi hakuua wote. Nami nikaaga, nikatania kidogo kuhusu ndevu zake, nikaondoka.

Ni mimi, dada.

Zile changarawe zilikuwa zinatoa rangi. Nilizisuuza, maji bluu. Nikazisuuza tena, bluu. Nikachoka. Nikazimwagia sabuni ya unga kwenye beseni nikazisugua kama soksi, nikasuuza mara mbili harakaharaka, nikatia tangini. Sarafu sikuweka. Na mikono yangu ilikuwa safi kwa sababu nilikuwa nimeivalisha mifuko ya plastiki. Mchana huo nilikuwa na mteja, sikutaka kumpa mkono wa bluu. Ndiyo sababu yote. Hakuna kubwa zaidi ya hiyo, nimeitafuta sana.

Alipouliza kama ni yeye, nilikuwa na jibu la neno moja. Nilichagua lile la kuchekesha.

Sikuandikii ili umrudishe. Nyumba imeshachukuliwa, na kusahau anasahau kweli, pengine ungemchukua hata samaki wangekuwa mia. Lakini alifaulu ule mtihani wako. Nataka umwambie. Ukitoka kazini fungua mlango, keti naye, umsomee kwa sauti kuanzia pale kwenye siki yake mpaka kwenye sarafu ambayo mimi sikuiweka. Akisahau, msomee tena. Usiongeze mzaha mwishoni ili kumpunguzia uzito, huo mchezo mimi naujua unavyofanya kazi. Mpe kikombe akishike mwenyewe.

Ningekuja kusema kwa mdomo, ila mdomo wangu umeshauona.

Msalimie shemeji, mwambie siku ile hakuwa na kosa kucheka, nilisema vizuri. Wabusu watoto, yule muumaji mbusu kwa mbali. Baba mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea, si baada.

Ni mimi mdogo wako,
Redio

Tena, dada: vile vichanga viwili kwenye nyasi havikuwepo. Hapo usimsomee.