Hodi Ukutani

Marahaba, mjukuu wangu Saumu. Shikamoo yako imefika hapa Msambweni. Nyanya yako hajambo, ila goti, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Wauliza kama ukubali uteuzi wa kuingia bodi ya ardhi, hali nawe wajenga nyumba za kuuza. Nami nakumbuka Diani, enzi ya msitu na mbega. Nilikuwa kijana, najenga nyumba za wageni, tena diwani katika kamati ya vibali vya viwanja. Ukuta wangu ukaziba njia ya kwendea pwani. Kibali niliomba mimi, na aliyetia sahihi ni mimi.

Asubuhi moja Bi Mwanasha, muuza pweza, akasimama nje ya ukuta na ndoo yake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama. Mbona wapiga hodi njiani?"

"Njia imekuwa nyumba ya mtu, mwanangu. Nitapitaje bila hodi?"

Alisema kwa heshima zake zote, na hapo ndipo nilipoona haya. Nikawaita mafundi, wakaubomoa ukuta pale aliposimama.

Baadaye nilipewa vyeo vingine, hata bodi za serikali, na leo hakuna anayevikumbuka. Ule mwanya bado upo, Saumu. Watu wanapita, na hawapigi hodi.

Babu yako akupendaye,
Omari