Vibanio kwenye Majani ya Hosta

Kensington, Johannesburg
12 Novemba 2017

Yaya Emery, kaka yangu mpendwa,

Natumaini Cape Town inakutunza. Sisi ni wazima, ila mama yako atanimaliza.

Ile hosta yako, mmea wa Kijapani ulioniachia, imechipua vizuri. Majani yamejisokota kama yanavyopaswa. Nimesoma kitabu cha maktaba: watu huipenda aina hii kwa huo msokoto wake. Lakini Mama ananyoosha nywele za watu saluni kutwa nzima, hawezi kuona kitu kimejikunja akakiacha. Jumatatu nilirudi kutoka shule nikakuta kila jani limebanwa kwa kibanio cha nywele.

"Mama, imeumbwa hivyo!"

"Nyamaza, weye na vitabu vyako. Mutoto wangu akirudi, akute mumea wake iko muzuri."

Mimi huvitoa asubuhi, yeye huvirudisha jioni. Majani matatu yameshachanika. Eish, nimechoka!

Jana nilimshtakia Papa, ingawa tangu mgombane mwezi wa tatu hataki tutaje jina lako mezani. Alishusha gazeti.

"Jeannine," akamwambia Mama, "acha mumea ya Emery. Atakuja kusema ni sisi tumeiharibu."

Mama akaenda kuvitoa vibanio mwenyewe, kimoja kimoja.

Kwa hiyo piga simu, Yaya. Piga jioni, Papa akiwa nyumbani. Ikilia, nitamwacha aipokee yeye.

Mdogo wako aliyechoka nanyi nyote,
Jocelyne