Mkwe, Tubakizie Mchembe

Bariadi, mwezi wa saba

Violeth, tumekubaliwa! Wale watu wa Bukoba wamesema ndiyo! Mhoja wetu anaoa!

Sasa ndiyo nikusalimie, maana ningeanza na salamu ningepasuka. Mwadila, mdogo wangu. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto hawajambo, na baridi ya huko Iringa haijawapasua midomo? Sisi huku mhola tu. Wote wazima, ng'ombe wazima, pamba imeshatoka nyumbani, na hata jirani yangu Klementina ni mzima, ingawa ana kijiba cha roho kwa habari hii ninayokuandikia. Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwanza. Najua ni chepesi. Soma mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike.

Ningekupigia simu, lakini unanijua: vocha yangu huisha kabla sifa hazijaisha. Karatasi haikati. Na mwandiko wangu bado unasomeka, darasa la saba letu lilikuwa darasa la saba kweli.

Habari za Mhoja unazijua, lakini acha nizirudie. Mwanangu ni daktari huko Karagwe. Daktari wa ng'ombe, sawa, lakini daktari ni daktari, na mgonjwa asiyeweza kusema panapomuuma anahitaji akili zaidi kuliko huyu anayelalamika mwenyewe. Hapa mtaani mimi husema "daktari" nikaishia hapo. Kosa lake ni kwamba juzi mama mmoja aliniletea mjukuu wake anayekohoa, nimpigie Mhoja amsaidie. Mhoja akauliza kama anacheua.

Huko ndiko alikompata Pelagia, binti mpole wa Bukoba, mwalimu, mrefu kama mtama ulionyeshewa vizuri. Sisi tulimpenda tangu picha. Kikwazo kilikuwa baba yake, mzee Theonest. Mzee huyo kazaliwa migombani, kakulia migombani, na aliposikia binti yake anachumbiwa na mtu wa Simiyu aliuliza swali moja tu: huko kuna chakula? Alikuwa amesikia kwamba mvua ya kwetu ni ya kubahatisha na kwamba watu wanatafuna vijiti vikavu. Akasema hatamtoa mwanawe akafe njaa. Akamtuma dada yake, shangazi Evalina, aje akae kwetu siku chache, aone kwa macho yake. Akirudi na kusema chakula kipo, harusi ipo. Akisema hakipo, Mhoja atafute mwingine. Mhoja mwenyewe alikuwa kwenye chanjo ya mifugo, hakupata ruhusa. Akampakia shangazi kwenye basi, akanipigia kunisihi: mama, chonde chonde, mgeni asione njaa. Mtoto hakujua anamwambia nani.

Nikaenda kumpokea stendi. Mwanamke mwembamba, mwalimu mstaafu, miwani, mkoba mweusi kakumbatia kifuani. Njia ya kutoka stendi mpaka kwetu unaijua, si ndefu. Lakini unawajua pia watu wetu. Kila tuliyekutana naye ilibidi tusimame, tupeane mwadila, tuulizwe za kaya, za watoto, za ng'ombe, za mvua iliyopita na ile itakayokuja, halafu tuanze upya kwa sababu sasa ni zamu yetu kuuliza. Shangazi alidhani wote ni ndugu zetu. Nikamwambia hapana, yule wa mwisho tuliyesimama naye sana simfahamu kabisa. Kila alipouliza kama bado ni mbali nilimjibu hapo tu. Baadaye alinieleza kwamba "hapo tu" ya Bariadi ingemfikisha mtu wa kwao Uganda.

Tulipofika akaanza ukaguzi, kwa adabu. Akauliza ng'ombe wetu ni wangapi. Nikamjibu wapo wapo. Sasa Violeth, nani kwetu hutaja idadi ya ng'ombe mbele ya mgeni, kama si kuwaitia mkosi? Lakini niliona midomo yake ikibana, nikajua kichwani ameandika: hakuna. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye lile jabali letu. Nilikuwa nimeanika viazi jabali zima, unavyonijua, hapakuwa na pa kukanyaga. Akaangalia, akaniuliza taratibu kama baba Mhoja ni fundi seremala. Nilicheka mpaka khanga ikafunguka. Nikamweleza kwamba haya si maranda, hiki ndicho chakula chetu cha mwaka: michembe hii ni kiazi kitamu kibichi kilichokatwa na kuanikwa, na matobolwa yale mekundu yamechemshwa kwanza ndipo yakakatwa yakaanikwa, ukiyatafuna utadhani yalipikwa na asali. Akatikisa kichwa. Nikajua anawaza vile vijiti vya kaka yake.

Basi nikaingia jikoni na hasira za kistaarabu. Mchana ule nikampikia michembe kwa karanga za kutwanga, nikaweka na maziwa mgando yale yanayokataa kutoka kibuyuni, kuku, na ugali wa kwetu unaosimama bila kushikwa.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Sisi mama alitufundisha nini? Mgeni aliyeshiba hubakiza. Sahani ikirudi tupu, mgeni bado ana njaa, mwongeze, wala usimuulize, maana atakudanganya kwa aibu. Shangazi Evalina alirudisha sahani nyeupe, imepanguswa utadhani haijatumika. Nikaongeza. Ikarudi nyeupe. Nikaongeza kilima. Akakitazama, akavua miwani, akafanya ishara ya msalaba, akala. Ikarudi nyeupe! Nikajisemea, huyu akirudi Bukoba na nafasi tumboni, Mhoja wangu hana mke.

Jioni nikachinja tena. Kesho yake nikaagiza sangara kutoka Lamadi, mkubwa, mkia unaning'inia nje ya kapu, na Klementina akauona, nashukuru. Nikapika na nsansa, yale majani ya kunde makavu tuliyokuwa tukigombania ukoko wake. Vyote vikaenda, vyote vikaisha. Mwanamke mwembamba kama ufito, mimi najiuliza anavipeleka wapi. Nikamwona anatembea akishika ukuta, nikadhani ni udhaifu wa njaa, nikampelekea uji. Ilifika mahali nikaenda kuazima sufuria kubwa kwa Klementina. Alinipa, lakini aliniuliza kwa sauti ya kusikika barabarani kama nimepokea mgeni au nimefungua mnada.

Aliyeumia zaidi ni Mashimba. Shemeji yako unamjua na heshima zake za ukwe: mkwe hapewi mkono, mkwe huli naye meza moja. Tangu shangazi afike, yeye alihamia nyuma ya ukuta wa jiko. Sufuria ni moja, nikamwambia avumilie, mgeni akishiba nitamletea. Mgeni hakushiba. Mume wangu, mwenye ng'ombe ambao wapo wapo, alikaa nyuma ya ukuta akisikiliza kijiko cha mwenzake kikigonga sahani. Nilimkuta anatafuna karanga mbichi za mbegu.

Siku ya mwisho, mchana, nilimwekea shangazi sinia la michembe, la mwisho mwisho. Naweka mkono kifuani nangoja. Anakula, jasho linamtoka, ananiangalia mimi, anaangalia sinia, anaangalia mlango. Imebaki konzi moja, kaunyoosha mkono kuimaliza. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Mashimba kupitia dirisha la jiko, ya unyenyekevu kama ya mtu anayeomba radhi kwa mtemi. Akasema samahani mkwe, najua si adabu mimi kukusemesha ukiwa unakula, lakini nakuomba kwa heshima zote, tubakizie hata mchembe mmoja.

Nilitamani ardhi ipasuke. Harusi imekufa, nimeiona inakufa. Shangazi mkono ukamgandia hewani. Akageukia dirisha, akauliza kwa sauti ndogo: kwani hapa kubakiza kunaruhusiwa?

Mashimba akajibu kwamba hapa kubakiza hakuishii kuruhusiwa, kunaombewa dua.

Shangazi akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu kama gurudumu la trekta linalotoka upepo. Ndipo akatueleza. Nyumbani kwao bibi yao aliwalea kwamba kubakiza chakula ni kumtukana mpishi, na mgeni anayebakiza haalikwi tena. Kila nilipomwongezea aliamini nampima kama ukoo wao una adabu. Alijiapiza hatamwaibisha Pelagia hata kama atazikwa Bariadi. Usiku alikuwa akilala amekaa. Ule uji, alisema, ndio uliomtoa machozi.

Violeth, tulicheka. Tulicheka mimi na yeye mpaka tukashikana kama wasichana wa kisimani, na Mashimba nyuma ya ukuta anacheka huku anatafuna, maana konzi ile alishapitishiwa dirishani. Tukapatana palepale: kuanzia sasa, kati ya ukoo wao na wetu, aliyeshiba ataweka mchembe mmoja ukingoni mwa sahani, na hakuna wa kumwongeza wala wa kununa.

Kisha shangazi akampigia kaka yake, akaweka sauti ya nje ili na sisi tusikie. Mzee Theonest akauliza lile swali lake. Shangazi akamjibu: kaka, chakula kipo, mwisho wake nimeutafuta siku zote hizi kwa tumbo langu mwenyewe na sikuuona. Mzee akauliza na vile vijiti je? Akamwambia vijiti vyenyewe ni vitamu kuliko maneno yako. Mzee akasema haamini mpaka avitafune. Na mimi nilikuwa nimeshasimama, napiga vigelegele upande wa kwa Klementina.

Sasa mdogo wangu, kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Lile gunia lako, la kila mwaka, ambalo watoto wako huliita chokoleti ya Mama Mkubwa. Nilikuwa nimekutengea mapema, michembe upande mmoja, matobolwa upande mwingine, nimelifunga kamba ya buluu, nimeliweka chini ya kitanda changu. Siku ile ya pili ghala la jikoni lilipoisha, na ya jabalini bado mabichi, nikaingia chumbani nikalitazama. Nikalipa kisogo. Sahani ikarudi tupu. Violeth, nikakata kamba. Michembe ya lile sinia la mwisho ilikuwa yako, na konzi aliyookoa Mashimba ilikuwa yako. Na matobolwa yaliyosalia shangazi ameondoka nayo Bukoba, ndiyo ushahidi wa kumtafunisha mzee Theonest. Mke wa Mhoja amepatikana kwa gunia lako.

Humo kwenye kifurushi kuna michembe kopo moja tu, lile kopo la majani ya chai. Sitakuficha, nililijaza kwa kukung'uta gunia. Wape watoto miwili miwili, wewe lamba mkono. Usininunie sana. Wewe mwenyewe ulisema unataka kumchangia Mhoja harusi. Basi umeshachangia, tena wa kwanza, na nimewatangazia watu wote kwamba mchango wa Violeth ndio uliotuozea mtoto.

Ya jabalini sasa yamekauka, matamu kuliko ya mwaka jana, na safari hii siyatumi. Utayafuata. Mzee Theonest anakuja na ukoo wake kutuona, Mhoja na Pelagia wanakuja, na shangazi Evalina kasema anakuja na gauni pana zaidi. Nisalimie shemeji, mwambie utani wake na Mashimba unamngoja. Wabusu watoto, wafundishe kubakiza mchembe ukingoni. Panda basi mapema, ukishuka stendi usimsalimie kila mtu, utachelewa. Ukoo mzima tunawangoja hapa nyumbani Jumamosi, siku ya Nane Nane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nyanjige, mama mzazi wa Daktari